Maarifa ya Nyumbani na Shuleni: Msitu wa Amani

Mwalimu mmoja wa upande wa Muheza ametuletea barua yenye swali, nasi tumeona lafaa kujibiwa hapa mbele ya wasomaji wote. Asema kwamba watoto wa darasa lake walimwuliza hivi: "Ikiwa udongo wa Amani waotesha miti mirefu namna ile, hata mtu akitazama kileleni kofia yamwanguka, mbona baba zetu wakifyeka kipande cha msitu na kupanda mahindi, mwaka wa kwanza huvuna vizuri, wa pili huvuna kidogo, na wa tatu hupata mabua matupu?" Mwalimu hakupenda kuwajibu kwa kubahatisha. Amefanya vema, kwa maana swali hili si la kitoto hata kidogo. Wako mabwana wenye elimu kubwa waliolipita bila kulijibu, na kwa ajili hiyo wakapoteza mali nyingi, kama tutakavyoona.

Kwanza yafaa tuijue Amani yenyewe ilipo, kwani gazeti hili lasomwa hata na watu wa mbali. Milima ya Usambara imegawanyika sehemu mbili, na katikati yake limepita bonde la mto Lwengera. Upande wa magharibi ndiko Lushoto na Mlalo na Vuga; upande wa mashariki, ulio karibu na bahari, ndiko Amani, katika mkoa wa Tanga. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi huja na unyevu, hugonga milima hiyo, zikapanda juu, zikapoa, zikawa ukungu na mvua. Kwa mwaka mmoja Amani hupata mvua karibu ya milimita 2,000, tena ni shida kuona mwezi mzima upitao bila mvua kabisa.

Milima hii ni pete moja tu katika mnyororo mrefu uanziao Taita huko Kenya, ukapita Upare, Usambara, Nguru, Ukaguru na Uluguru, hata kufika Udzungwa na Mahenge. Wenye elimu huuita mnyororo huo Tao la Mashariki. Yasemwa nao kwamba zamani sana, nchi nyingi za Afrika zilipokauka na misitu yake ikageuka kuwa mbuga za nyasi, milima hii haikukauka, kwa kuwa bahari haikuacha kuinywesha. Basi misitu yake ikabaki kama visiwa, na viumbe vilivyokuwamo vikakaa humo kwa mamilioni ya miaka pasipo kuchanganyika na vya mahali pengine. Ndiyo sababu mtu aweza kumwona chura katika mlima mmoja, asimwone mfano wake katika mlima wa pili, ingawa milima hiyo yatazamana.

Mwaka 1997 serikali ya Tanzania iliifanya Amani kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia, ya kwanza ya namna hiyo katika nchi. Misitu kadha wa kadha ya akiba iliunganishwa pamoja, na bustani ya miti ya zamani, na tena misitu iliyokuwa mikononi mwa mashamba ya chai, hata jumla yake ikawa hekta 8,380. Mahali pa chini pana mita 190 tu juu ya usawa wa bahari, na pa juu pana mita 1,130. Kwa hiyo mtu apandaye kwa miguu kutoka Sigi hadi Amani hupita katika misitu ya namna mbalimbali kwa siku moja, na joto la pwani analiacha nyuma.

Sasa na tulirudie swali la watoto. Mvua nyingi ina faida yake, tena ina hasara yake. Maji yapitayo katika udongo kwa maelfu ya miaka huyayusha chumvi zile zilishazo mimea na kuzichukua chini hata mitoni. Udongo wa Amani ni mwekundu, una kina, wapendeza macho, walakini umeoshwa. Ukiupima waonekana kuwa mchachu, na chakula cha mimea kilichomo ni kidogo. Chakula chenyewe kiko wapi basi? Kimo katika miti. Kimo katika majani, na magome, na mizizi, na magogo yaliyoanguka, na katika lile tabaka la majani yaozayo ambalo mguu huzama ukitembea. Jani likianguka hushambuliwa na mchwa, na jongoo, na minyoo, na uyoga mwembamba kama nyuzi. Nao wakiisha kulivunjavunja, mizizi iliyotanda karibu na uso wa ardhi hunyakua chakula kile upesi kabla mvua haijakichukua. Kitokacho kwa mti hurudi kwa mti.

Msitu huo ni kama mchuuzi asiye na akiba sandukuni, ambaye mali yake yote imo katika mzunguko wa biashara. Duka lake limejaa, watu wamdhania tajiri, lakini siku utakapolifunga duka huoni kitu nyumbani. Mwenye kufyeka na kuchoma hupata majivu, na majivu hayo ndiyo chakula kilichokusanywa na miti kwa miaka mia, kikatumika kwa mavuno mamoja au mawili. Baada ya hayo mvua huchukua yaliyobaki.

Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walilipita swali hili. Mwaka 1891 lilianzishwa shamba la kahawa huko Derema, jirani na Amani, na baada yake mengine mengi. Waliutazama ukubwa wa miti, wakasema moyoni, udongo uzaao miti hii hauwezi kuikataa kahawa. Msitu ukaangushwa, kahawa ikapandwa, mwanzo ikapendeza sana, kisha ikadhoofika, na kabla ya miaka 20 kupita matumaini mengi yalikuwa yamekufa. Baadaye ikaja chai, ambayo kwa asili yake yapenda udongo mchachu, nayo ndiyo ionekanayo leo Kwamkoro na Bulwa. Walakini hata hiyo haizai vema pasipo kutiwa mbolea. Hasara ya kahawa iliandikwa katika vitabu vya hesabu vya wenye mashamba. Mkulima wa jembe huiandika yake tumboni.

Tukiisha kujua kwamba utajiri wa Amani ni viumbe vyenyewe, wala si ardhi iliyo chini yao, ndipo twaweza kuvitazama viumbe hivyo kwa macho mengine. Miti yake yote hatuwezi kuihesabu hapa. Iko mivule, na minyasa, na mingine isiyoonekana penginepo duniani. Tuchague mmoja tu, nao ni msambu, ambao Waluguru huuita mkanyi, na wataalamu huuita Allanblackia stuhlmannii. Ni mti mrefu, mnyofu. Matunda yake huning'inia kwa vikonyo, ni marefu, ya rangi ya kahawia, nalo tunda moja laweza kuwa na uzito wa kilo kadhaa. Basi si vema kupumzika chini yake wakati wa kuanguka. Ndani yake mna mbegu nyingi zilizojaa mafuta yagandayo kama samli. Akina mama wa milima hii wameyajua mafuta hayo tangu zamani. Katika miaka ya 2000 walianza kuja wanunuzi vijijini kutafuta mbegu hizo kwa ajili ya viwanda vya Ulaya, na mwaka 2008 nchi za Umoja wa Ulaya ziliruhusu mafuta ya msambu yauzwe kama chakula.

Hapo watu wengi wakasema, na tupande misambu. Shauri jema, lakini mti huu una masharti yake. Miti dume na miti jike ni mbalimbali, wala huwezi kuipambanua kabla haijachanua. Mbegu hukawia mno kuota, na mche upandwao kwa mbegu waweza kungojewa miaka 10 au zaidi kabla ya kuonyesha tunda la kwanza. Kule msituni yuko mtumishi aifanyaye kazi hiyo pasipo mshahara, naye ni panya buku. Huzikusanya mbegu usiku, nyingine huzila, nyingine huzificha ardhini mbali na mti mama, na zile alizozisahau ndizo ziotazo. Basi wale wamtegao panya buku pasipo kiasi, na wale waokotao matunda yote pasipo kuacha hata moja, wanawanyima wajukuu zao misambu.

Hondohondo naye ana kazi kama hiyo. Ni ndege mkubwa mwenye pembe juu ya mdomo, na mabawa yake yavumapo hewani mgeni hudhani ni mashine. Humeza matunda mazima, akaruka mbali, akazitema mbegu huko. Mbega hula majani huko juu, kima hula matunda, na yale wayaangushayo huliwa na nguruwe mwitu. Chini, katika majani makavu, yumo sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga wa tembo, mwekundu kwa mbele na mweusi kwa nyuma, akichakura wadudu mchana kutwa. Usiku huanza perere kulia mitini kwa sauti ya kutisha, hata mtu asiyemjua huamini kuna mtu anyongwaye. Mnyama mwenyewe hazidi ukubwa wa sungura.

Katika hao wa usiku yuko bundi mkubwa wa Usambara, aliyepewa mwaka 1908 jina la Vosseler, Mjerumani mmoja aliyekuwa mtaalamu wa wanyama pale Amani. Najua wako wasomaji ambao wakisikia bundi akilia juu ya paa hawalali, na wako wamfukuzao kwa mawe kwa kumdhania kuwa ni mjumbe wa kifo. Bundi hatumwi na mtu, atafuta panya. Vilevile kinyonga. Mtoto akimwona hukimbia, na watu wazima humwua wakidai kwamba ni mkosi. Kumbe wenye elimu wa nchi za mbali wamempenda hata wakatwaa jina letu la Kiswahili: mwaka 2006 jamaa moja ya vinyonga wa milima ya Afrika Mashariki iliitwa Kinyongia, na kwa jina hilo huandikwa katika vitabu vya dunia nzima. Mmoja wao, mkubwa, ambaye dume lake lina pembe mbili puani, hukaa Usambara ya Mashariki peke yake. Ukimwua huyo hapa, huna pa kwenda kumtafuta mwingine.

Habari za vyura ni za ajabu zaidi, nami ningependa waalimu wawasimulie watoto. Sote twajua kwamba chura hutaga mayai majini, yakatoka viluwiluwi. Lakini katika mitelemko ya Amani, ambako maji hayatulii mahali pamoja, yuko chura mdogo, Nectophrynoides tornieri, ambaye hatagi mayai hata kidogo. Huyaweka tumboni mpaka watoto wakamilike, kisha huwazaa hai, wadogo sana, wenye miguu yote minne. Vyura wa namna hiyo duniani ni wachache mno. Tena yuko mwingine aliyekamatwa pale katika miaka ya 1920, mmoja tu, akapelekwa kuhifadhiwa, na tangu siku ile mpaka leo hapana mtu aliyemwona wa pili. Wengine wadhani kwamba amekwisha. Wengine husema yumo bado chini ya majani, kwani ni mdogo, na msitu ni mzito.

Ndege wa Amani walijulikana sana kwa bidii ya Mwingereza mmoja, Reginald Moreau, aliyekaa pale tangu 1928 hata 1946. Kazi yake katika kituo ilikuwa ya ofisini, wala hakuajiriwa kwa ajili ya ndege. Lakini jioni na siku za mapumziko alizitumia kutazama viota na kuandika alichokiona, mpaka akawa mmoja wa mabingwa wa ndege za Afrika. (Waalimu walalamikao kwamba hawana nafasi ya kujiongezea elimu na wamfikiri mtu huyu.) Ndege mmoja mdogo mwenye mdomo mrefu, akaaye katika mitambaa ya msituni, aliitwa kwa jina la Moreau mwaka 1931. Nje ya Usambara ya Mashariki ameonekana Msumbiji kaskazini, basi.

Na tusilisahau ua. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliona katika nchi hizi za Usambara ua dogo la samawati liotalo kivulini juu ya miamba. Akampelekea baba yake mbegu huko Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akaliita Saintpaulia. Leo ua hilo na jamaa zake hukaa katika vyungu madirishani mwa nyumba zisizo na hesabu, Ulaya na Marekani, nalo lauzwa kwa fedha nyingi kila mwaka. Fedha hizo hazipandi mlima kurudi Usambara. Mimea mama ingali imeng'ang'ania miamba yake. Mti utiao kivuli ukikatwa, jua hufika mwambani, na ua lile hukauka.

Mwaka 1902 Wajerumani hao walianzisha Amani kituo kikubwa cha uchunguzi wa kilimo, wakaleta mbegu kutoka pande zote za dunia. Mkwinini ulipandwa pale, na wakati wa vita, tangu 1914 hata 1916, kituo kilitengeneza dawa ya homa kwa ajili ya askari wao. Wageni wengi katika hiyo mimea walitufaa. Habari ya muhogo yafaa kukumbukwa katika kila nyumba. Katika miaka ya 1930 ugonjwa wa batobato uliharibu muhogo wa Afrika Mashariki, majani yakajikunja na mizizi ikawa membamba. Waingereza, ambao wakati huo ndio waliokishika kituo, chini ya H. H. Storey waliuchanganya muhogo na ndugu yake, mpira wa Ceara, mti usiolika, lakini wenye nguvu ya kuushinda ugonjwa. Kazi ilichukua miaka zaidi ya 20, kwani kila mara iliwapasa kuurudisha utamu wa muhogo bila kuipoteza ile nguvu. Mbegu za Amani zilifika Nigeria, zikazalishwa zaidi, na uzao wao umeenea katika nchi nyingi za Afrika. Watu walao muhogo huko hawajui jina la Amani.

Lakini mgeni mwingine alikaribishwa akataka kuitwaa nyumba. Huyo ni musizi, mti wa Uganda na magharibi, uitwao na wataalamu Maesopsis eminii. Ulipandwa Amani kabla ya Vita Kuu ya kwanza, ukakaa kwa utulivu miaka mingi. Hukua upesi mno, lakini hupenda jua. Chini ya kivuli kizito cha msitu mzima hauna nguvu. Baadaye, hasa katika miaka ya 1970 na 1980, magari na misumeno iliingia msituni, na kiwanda kimoja cha mbao cha Tanga, kwa mashine zilizotolewa na nchi ya Finland kama msaada, kilikata miti mikubwa mpaka serikali ilipokomesha kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980. Kila mti ulioanguka ulifungua dirisha la jua. Naye hondohondo, ambaye hupenda sana matunda ya musizi, alizichukua mbegu akazitema katika madirisha hayo. Hakukosa, alifanya kazi yake ileile ya siku zote. Misizi ikaota kama magugu mahali palipokuwa na miti ya asili. Majani yake huoza upesi sana, hayaachi blanketi nene juu ya udongo, na ninyi mliosoma hapo juu mwajua maana yake. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2008 uliikuta Amani mimea ya kigeni ya aina 214 ingaliyo hai tangu kupandwa, na katika hiyo aina 16 zimekwisha kuenea sana. Mmoja ni kichaka kifupi chenye majani ya manyoya na matunda meusi ya samawati, kiitwacho Clidemia hirta. Watoto huyala matunda yake njiani, na ndege vilevile.

Sasa nafika mahali pagumu, nami sipendi kupita kando. Watu wa vijiji vya Amani si adui za msitu. Wengi wao hupata fedha za ada za shule na za dawa kwa hiliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga. Hiliki hupenda kivuli. Kwa hiyo mkulima haikati miti mikubwa, hufyeka ile midogo iliyo chini yake na kupunguza matawi. Kwa mbali shamba la hiliki laonekana kama msitu mzuri. Ukiingia ndani waona wazee pasipo watoto: kila mche wa mnyasa au msambu uliojaribu kuinuka umepalilizwa. Wazee hao wakifa, hapana wa kuwarithi. Tena baada ya miaka kadha hiliki yenyewe hupungua, kwa sababu ileile ya udongo, na mkulima huingiza migomba, kisha mihogo, kisha hutafuta kipande kingine.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliamuliwa kwamba msitu wa Derema uwekwe akiba, uwe njia ya kuunganisha misitu ya Amani na ile ya kaskazini, ili wanyama na mbegu zipite. Katika msitu huo zaidi ya wakulima 1,000 walikuwa na hiliki zao, wengine walizirithi kwa baba zao. Walihesabiwa mimea, wakaamriwa kuiacha, wakalipwa fidia. Malipo yalichelewa, na wako waliosema kwamba walichopewa hakikulingana na kile ambacho hiliki ingewaletea mwaka kwa mwaka. Na ardhi waliyoahidiwa kama badala ilikuwa mbali na ilikawia. Mimi nakubali kwamba msitu wa Derema ulipasa kulindwa. Walakini ikiwa msitu huu wafaidia mji mzima wa Tanga na hata watu wa ng'ambo, haki haikubali gharama yake ibebwe na nyumba za vijiji vichache. Waliokuwa na hiliki walistahili kulipwa upesi, tena kwa kipimo cha mazao, si kwa kipimo cha kuwaondoa njiani.

Nimetaja mji wa Tanga kwa sababu maji yake hutoka huku. Mto Sigi, ambao wengine huuita Zigi, huanza katika vijito vya Amani, ukashuka hata bwawa la Mabayani, na kutoka hapo maji hupelekwa mabombani mjini. Blanketi la majani tulilolisema hunywa mvua kama sifongo, kisha huyaachilia maji polepole wakati wa kiangazi. Mwaka 2003 na 2004 ilitangaa habari ya dhahabu katika vijito hivyo, na watu kwa maelfu wakaja kuchimba, hata upande wa Sakale. Kingo zikavunjwa, mto ukawa mwekundu, na serikali ikawaondoa wachimbaji. Mashimo yaliyoachwa yalichukua muda mrefu kuliko dhahabu iliyopatikana.

Waalimu watakao kuwapeleka watoto waombe ruhusa kwanza Sigi, ambapo nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni, ya siku za reli ya mbao ya Wajerumani, imefanywa kuwa mahali pa kuwapokelea wageni. Januari na Februari njia huwa nzuri zaidi. Watoto wavae nguo za mikono mirefu, wasichume kitu, na kila kinyonga waachwe amwangalie kwa utulivu mpaka woga uishe.

Na wale walio mbali, ambao hawawezi kufika, wafanye jaribio hili darasani. Chukueni makopo mawili makubwa yaliyotobolewa chini, yajazeni udongo mwekundu sawasawa. Juu ya kopo moja tandazeni majani makavu yaliyoanza kuoza, unene wa vidole vinne; la pili liacheni tupu. Mimina maji polepole kwa kata yenye matundu, kiasi kilekile juu ya kila kopo, na kinga chini kwa bakuli nyeupe. Tazameni rangi ya maji katika kila bakuli, na ni lipi lililoanza kudondoka kwanza, na lipi lililoendelea kudondoka mpaka kengele ya kutoka. Waalimu watakaotuandikia waliyoyaona, tutayachapa barua zao katika toleo la mwezi ujao.